Yanayofanana: Konokono wa Tanganyika, Hoja ya Msanifu na Mipaka ya Sayansi

Mhadhara kwa walimu, wachungaji na wanafunzi wa sekondari, Bijombo, nyanda za juu za Uvira



Nimeombwa nizungumzie jambo linalozua ubishi darasani kila somo la biolojia linapofika kwenye mageuzi ya viumbe. Ubishi huo kwetu haukwepeki. Tangu mkataba wa mwaka 1977 kati ya Serikali na makanisa, shule nyingi za nchi yetu ya Kongo zinaendeshwa na makanisa huku zikifuata programu ya Serikali. Mwalimu anafungua asubuhi kwa sala, na kabla ya mapumziko anafundisha Darwin. Mwanafunzi anauliza: mwalimu, nishike lipi? Siku hizi kuna jibu linalopita katika simu na vijitabu, kwamba sayansi yenyewe imekwisha kuthibitisha kuwa viumbe vilisanifiwa na Mwenye akili, na kwamba Darwin ameshindwa. Jibu hilo lina mvuto mkubwa kwa watu wa imani. Mimi ni mtu wa imani, na nimekuja kueleza kwa nini silipokei.

Watu wengi wanaanza habari hii Marekani. Mimi nitaanzia chini ya milima hii, ziwani.

Mwaka 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walifika ziwa Tanganyika wakitafuta chanzo cha Nile. Speke alirudi kwao na makombe ya konokono. Mwaka 1859, mwaka uleule Darwin alipotoa kitabu chake kikubwa, mtaalamu wa London aitwaye Samuel Woodward aliyaeleza makombe hayo, na mojawapo akalipa jina la konokono wa baharini, kwa kuwa lilifanana nao. Gamba nene, mbavu zilizosimama, mapambo ambayo konokono wa maji baridi kwa kawaida hawana. Miaka ya 1880 ikaongezeka ajabu nyingine: ndani ya ziwa hili huelea konyeza, yule kiumbe laini mfano wa mwavuli ambaye watu wa pwani wanamjua kwa kuwawasha wanapooga. Konyeza katika maji yasiyo na chumvi, umbali wa mamia ya kilomita kutoka bahari yoyote!

Basi akaja John Edmund Sharrock Moore. Alifanya safari mbili, ya kwanza kati ya 1895 na 1897, ya pili kati ya 1899 na 1900, na mwaka 1903 akatoa kitabu alichokiita tatizo la Tanganyika. Hoja yake ilikuwa hii: makombe haya yanafanana na makombe ya bahari za kale, za enzi ambazo wajuzi wa miamba wanaziita Jurasiki. Kwa hiyo Tanganyika ni kipande cha bahari kilichoachwa nyuma bahari ilipoondoka, na viumbe wake ni mabaki ya bahari ile. Vijana, msimdharau mtu huyu. Mwaka 1905, yeye na mwenzake John Farmer ndio walioleta jina la meyosi, ule mgawanyiko wa chembe mnaouchora katika madaftari yenu kabla ya mtihani. Alikuwa mwanasayansi kamili, na alichosema kilikuwa na maana kwa macho ya wakati wake.

Lakini angalieni alisema nini hasa. Alisema jambo linaloweza kushindwa. Ikiwa ziwa ni kipande cha bahari, basi samaki wake, kaa wake na kamba wake nao wawe na undugu na wale wa baharini. Miamba iliyo kati ya hapa na bahari ionyeshe alama za bahari ya enzi ile. Umri wa ziwa ufike huko. Na konyeza asionekane katika maziwa ambayo hayakuwahi kuguswa na bahari hiyo.

Watu wakaenda kupima. William Cunnington aliongoza msafara wa mwaka 1904 na 1905, akachunguza kaa na kamba, akakuta kwamba viumbe hawa ni wa maji baridi waliojitenga kwa muda mrefu mno. Konyeza akapatikana hata katika ziwa Victoria. Wajuzi wa miamba hawakuiona bahari ile. Baadaye vipimo vya tope lililo chini ya ziwa vikatoa umri wa miaka kati ya milioni 9 na milioni 12 kwa sehemu zake za kale zaidi. Ni umri mkubwa, lakini enzi ya Jurasiki ilikwisha miaka zaidi ya milioni 140 iliyopita. Moore akashindwa.

Sasa gamba nene lilitoka wapi? Mwaka 1991 watafiti wa Marekani, Kelly West, Andrew Cohen na Michael Baron, walitoa jibu ambalo kila mvuvi wa Uvira anaweza kulifuatilia kwa mikono yake. Walitazama kaa wa ziwa hili. Makucha yao ni makubwa na yenye nguvu kuliko ya kaa wa mito ya jirani. Konokono wa ziwani nao wana magamba magumu kuvunjwa kuliko ndugu zao wa nje. Wengi hubeba makovu ya gamba lililovunjwa ukingoni likajiziba tena, yaani kaa alijaribu akashindwa. Kwa vizazi vingi mno, mwenye gamba jembamba aliliwa, mwenye gamba nene akazaa. Kaa mwenye kucha dhaifu alilala njaa, mwenye kucha kali akashiba. Baharini mambo yamekwenda hivyohivyo, ndiyo maana makombe yanafanana. Yamefanana kwa kuwa yamepitia vita vilevile, ingawa hayakutoka ukoo mmoja.

Nimekaa muda mrefu juu ya konokono kwa makusudi, kwa kuwa hoja ya Msanifu imejengwa juu ya neno hilohilo: kufanana.

Mwaka 1802 kasisi Mwingereza William Paley aliandika kwamba mtu akiokota saa porini atajua ina mtengenezaji, na kwamba jicho la kiumbe linafanana na kazi ya fundi kuliko saa. Mwaka 1996 Michael Behe, profesa wa kemia ya viumbe huko Pennsylvania, aliirudisha hoja hiyo kwa vitu vidogo mno. Alitaja mkia ambao bakteria fulani huuzungusha ili kuogelea. Alisema unafanana na mashine, na kwamba ukiondoa kipande kimoja haufanyi kazi, kwa hiyo haungeweza kujengeka hatua kwa hatua. Wenzake wakamjibu kwamba baadhi ya vipande vya mkia huo, pasipo vile vingine, vinapatikana kwa bakteria wengine vikifanya kazi nyingine kabisa, ya kuingiza sumu katika chembe za viumbe. Kipande kinaweza kuanza na kazi moja kikaishia na nyingine.

Jambo hilo lilifika mahakamani. Katika wilaya ya Dover, Pennsylvania, bodi ya shule iliamua mwaka 2004 kwamba wanafunzi wasomewe tangazo linalowaelekeza kwenye kitabu cha hoja ya Msanifu. Wazazi wakashtaki. Tarehe 20 Desemba 2005 jaji John Jones, aliyeteuliwa na rais George W. Bush, aliamua kwamba hoja hiyo si sayansi na haiwezi kufundishwa hivyo katika shule za umma. Ilidhihirika mahakamani kwamba katika rasimu za kitabu kile, neno la uumbaji lilikuwa limefutwa na neno la usanifu likawekwa mahali pake, baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kukataza fundisho la uumbaji katika masomo ya sayansi mwaka 1987. Behe mwenyewe, alipohojiwa, alikubali kwamba kwa tafsiri pana aliyoitumia ya nadharia ya kisayansi, hata unajimu wa nyota ungeingia.

Naomba nieleweke hapa, hasa na wachungaji. Kosa la hoja hiyo si kumtaja Mungu. Kosa lake ni kwamba haikatazi kitu chochote. Konokono akiwa na gamba nene, Msanifu alitaka hivyo. Akiwa na gamba jembamba, Msanifu alitaka hivyo. Moore alituambia tukaangalie wapi ili tumkamate akiwa amekosea, na tulipoangalia tukamkamata. Msanifu wa vitabu hivi hakamatiki popote. Kwa hiyo hakuna msafara wa kwenda kupima, na darasani mwalimu hana jaribio la kuwapa wanafunzi.

Mageuzi ya viumbe, kinyume chake, yamejianika mbele ya vipimo kwa miaka zaidi ya 160, na baadhi ya vipimo hivyo vimefanyika hapa kwetu. Uvira ina kituo cha utafiti wa ziwa tangu zama za Wabelgiji, ambacho leo tunakijua kama Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia. Tangu mwisho wa miaka ya 1970, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walikuja kuzamia katika maji ya kaskazini-magharibi pamoja na Wakongo, miongoni mwao Nshombo Muderhwa na Gashagaza Mukwaya, ambao kazi zao kuhusu maisha na uzazi wa samaki wa ziwa hili zinasomwa duniani.

Miongoni mwa samaki hao yupo mmoja anayekula magamba ya wenzake. Humvizia samaki mwingine kutoka nyuma na kumng'oa magamba ya ubavuni. Mdomo wake umepinda upande. Wengine umepindia kulia, wengine kushoto, na kila mmoja hushambulia ubavu unaokubaliana na mdomo wake. Mtafiti Mjapani Michio Hori alifikiri hivi: waliopindia upande mmoja wakizidi, samaki wanaowindwa watajifunza kulinda ubavu ule. Hapo wale wachache wa upande wa pili watakula vizuri zaidi na kuzaa zaidi, mpaka nao wawe wengi, kisha mzunguko uanze upya. Alihesabu mwaka baada ya mwaka, akakuta uwiano ukipanda na kushuka kuzunguka nusu kwa nusu. Matokeo yakachapishwa mwaka 1993. Tangu hapo wengine wamembishia. Wanasema kupinda kwa mdomo hakurithiwi kwa urahisi alivyodhani, na kwamba wapo wengi ambao midomo yao haikupinda sana upande wowote. Ubishi huo unaendelea kwa vipimo, na mimi nauona ni afya.

Mwaka 2020 timu ya Basel, Uswisi, ikiwa na Fabrizia Ronco na Walter Salzburger, ilitoa hesabu ya jumla. Ilisoma chembe za urithi za karibu aina zote 240 za samaki wa jamii ya sato waliomo Tanganyika, yaani ndugu wa kuhe anayeuzwa Kalundu. Karibu wote hawapatikani mahali pengine duniani. Chembe zao zinaonyesha kwamba walitawanyika kutoka katika ukoo mmoja humu humu ziwani, wakagawana miamba, mchanga, kina na chakula.

Najua mzee mmoja ataniuliza: lakini walikuwa samaki, na bado ni samaki. Ng'ombe wangu namchagulia dume kila kizazi, namtaka mwenye pembe nzuri, mwenye maziwa, mwenye rangi ninayoipenda, na hajawahi kunizalia mbuzi. Swali hilo ni la haki. Tena wazee wa huku wana sifa ya kuliuliza, kwa sababu wanaijua kazi ya kuchagua. Darwin alifungua kitabu chake kwa sura nzima kuhusu wafugaji, na somo lake kuu lilikuwa njiwa. Alijua kwamba anayechagua wazazi, vizazi vikipita, hubadilisha kundi. Alichoongeza ni kwamba ukame, ugonjwa, baridi na mwindaji huchagua pia, bila kukusudia lolote. Tofauti ni muda. Mfugaji ana miaka 60 ya kuchagua, ziwa lina miaka milioni 9.

Lakini nisijifiche nyuma ya muda. Madai makubwa zaidi, yanayotugusa sisi, yalipimwa kwa njia nyingine. Hapa jirani, katika misitu ya Itombwe, wanaishi sokwe na gorila. Nadharia ya mageuzi inasema sisi na sokwe tuna babu mmoja wa zamani sana. Haisemi kwamba sokwe wa Itombwe ni babu yetu, naye amekuja kwa njia yake kama sisi kwa yetu. Sasa sokwe ana kromosomu 48, binadamu 46. Ikiwa babu ni mmoja, jozi moja lazima ilikwenda mahali fulani. Ama ilipotea, jambo ambalo lingeua, ama kromosomu mbili ziliungana. Wakatafuta, wakaikuta kromosomu yetu ya pili ina alama za miisho katikati yake, pale hasa ambapo mbili za sokwe zingeunganishwa. Alama hizo zingekosekana, nadharia ingekuwa na deni kubwa. Hazikukosekana.

Nakuja kwenye jambo linaloniuma zaidi, na nawaomba wachungaji wanisikilize kwa hili hata kama mengine yote watayakataa.

Kuna ugonjwa wa seli mundu, ambao wengi hapa wanauita SS. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, aliona katika safari yake ya mwaka 1949 kwamba chembe ya urithi ya ugonjwa huu ni ya kawaida sana kwa watu wa pwani na wa kando ya ziwa Victoria, na ni adimu kwa watu wa nyanda za baridi. Mwaka 1954 alitoa maelezo. Mtoto aliyeirithi kwa mzazi mmoja hulindwa dhidi ya malaria kali. Aliyeirithi kwa wazazi wote wawili huugua: maumivu ya mifupa, damu kupungua, na mara nyingi kifo cha mapema pasipo matibabu. Penye mbu wengi chembe hiyo inaokoa wengi na kuua baadhi, kwa hiyo inadumu. Penye baridi haina faida. Mnaijua ngazi hiyo kwa miguu yenu. Ziwa liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, sisi tuko zaidi ya mita 2,000, na familia zilizokimbia vita kutoka huku kwenda bondeni zinajua malaria inavyompokea mtoto wa milimani.

Sasa mama anakuja kwa mchungaji na mtoto wake wa SS. Aliyeshika hoja ya Msanifu, kwamba kila kipande cha kiumbe kimebuniwa kwa kazi yake na mkono wenye kukusudia, atamwambia nini? Kwamba mashine hii ilichorwa iokoe baadhi kwa kumtesa mwingine? Kuna wanaojibu kuwa ni mitihani, na wengine wanatafuta dhambi ya ukoo. Nimesikia majibu hayo yakitolewa, na nimeona uso wa aliyeambiwa. Maelezo ya Allison hayamfuti mama machozi, lakini angalau hayamtwishi hatia. Yanamwambia kwamba huu ni urithi ulioachwa na malaria, kwamba wazazi wote wawili wanaweza kupimwa, na kwamba katika kila mimba yao nafasi ya mtoto kuugua ni moja kati ya nne. Mchungaji akishaelewa hivyo, ana nafasi ya kukaa naye na kuomba naye bila kumtetea Mungu kwa uongo.

Na kwa wauguzi wa vituo vyetu, mageuzi ni kazi ya kila siku. Klorokwini iliacha kutibu malaria kwa sababu vimelea vilivyoihimili ndivyo vilivyobaki kuzaa. Mwaka 2020 watafiti waliripoti kutoka Rwanda, jirani yetu, vimelea vyenye badiliko la urithi linalopunguza kasi ya dawa za artemisinini, ambazo ndizo tegemeo letu la leo. Anayegawa nusu ya dozi dukani anachagua vimelea, kama mzee anavyochagua dume.

Kenya walikuwa na mzozo wao mwaka 2006. Askofu Boniface Adoyo, kiongozi wa Kipentekoste wa Nairobi, alipinga namna mifupa ya binadamu wa kale ilivyoandaliwa kuonyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Taifa, ikiwemo mifupa karibu kamili ya kijana wa Turkana, yenye umri wa miaka kama milioni 1.5. Richard Leakey, mtafiti mashuhuri wa mifupa hiyo, alimjibu kwa ukali. Katika kelele zile hakutajwa vya kutosha Kamoya Kimeu, Mkenya aliyekiona kipande cha fuvu la kijana huyo mwaka 1984, kidogo mno, katikati ya kokoto za rangi yake. Jumba, lililokuwa limefungwa kwa ukarabati, lilifunguliwa tena 2008, na kijana wa Turkana yumo. Askofu alikuwa na haki ya kufundisha kanisani kwake mtu ni nani mbele za Mungu. Haki ya kuomba mifupa isogezwe pembeni hakuwa nayo, na sioni imani ingepata faida gani.

Mtaniuliza: basi sayansi haina mpaka? Inao, na watu wa nyanda hizi tumelipa gharama ya watu walioruka mpaka huo kuliko karibu wote duniani.

Namrudia Speke. Aprili 1858 yeye na Burton walipiga kasia mpaka Uvira. Walitaka kujua kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Wana wa mtemi wa pale wakawaambia: unaingia. Ilikuwa kweli, na mwaka 1871 Livingstone na Stanley walikwenda kuona mdomo wake kwa macho. Juu ya mto, Speke aliuliza wenyeji akapata jibu sahihi. Juu ya watu hakusubiri vipimo. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 aliwatazama wafugaji wa eneo la maziwa makuu, akaona wanafanana na watu wa Uhabeshi, akahitimisha kwamba ni taifa la juu lililotoka huko na kuja kutawala taifa la chini. Akaongeza Nuhu na Hamu. Mtu aliyeokota makombe yanayofanana na ya baharini ndiye aliyeokota nyuso zinazofanana na za Uhabeshi. Makombe yalipata Cunnington wa kuyapima. Nyuso zilipata watawala.

Wajerumani, kisha Wabelgiji, wamisionari na walimu waliishika habari hiyo wakaiita elimu. Profesa Charles Seligman aliipa kiti cha chuo kikuu katika kitabu chake cha mwaka 1930 juu ya jamii za Afrika. Watu walipimwa pua na vichwa. Miaka ya 1930 Rwanda ikapewa vitambulisho vilivyoandikwa kabila. Wahubiri nao hawakuwa nyuma, ingawa anayefungua Mwanzo sura ya 9 ataona laana ile ilimtaja Kanaani, wala haikutaja pua ya mtu. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, Rwanda, mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia kwamba Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 1994 mito ilijaa maiti. Nadharia ya Speke ilikuwa imesafiri miaka 130 ikafika hapo.

Na huku kwetu? Nani hajasikia mtu akiitwa Mhamiti kama tusi, au Mbantu kama cheo cha kumiliki udongo? Mauaji ya Makobola mwisho wa mwaka 1998, mauaji ya Gatumba Agosti 2004, vijiji vilivyochomwa na ng'ombe walioporwa katika nyanda hizi tangu 2017: Wanyamulenge, Wafuliiru, Wanyindu, Wavira, Wabembe, wote wana makaburi. Sisemi nadharia moja ndiyo iliyowaua wote. Kuna ardhi, siasa, silaha na majeshi ya nchi jirani. Nasema ilitoa maneno ambayo kwayo kuua kulionekana ni kurudisha mambo mahali pake.

Sayansi yenyewe baadaye iliikataa nadharia hiyo. Mwaka 1972 Richard Lewontin alipima tofauti za urithi za binadamu akakuta karibu asilimia 85 zimo ndani ya kila jamii, kati ya jirani na jirani. Chimbuko letu sote ni bara hili. Lakini sitaki mridhike na jibu hilo peke yake, kwa sababu kesho mtu anaweza kuja na kipimo kingine na kudai amepata tofauti. Hata angeipata, isingeamua lolote juu ya nani aishi Bijombo. Umri wa ziwa unapimika. Undugu wa samaki unapimika. Haki ya mtoto kulala bila kuchomewa nyumba haimo katika damu yake, na hakuna maabara itakayoitoa au kuiondoa. Anayeleta fuvu au chembe za urithi kuthibitisha haki ya mtu, au kuikanusha, ametoka katika sayansi hata akiwa amevaa koti jeupe.

Mpaka huohuo unamhusu Mungu. Padri Georges Lemaître wa Louvain, ambaye mwaka 1927 alitoa hesabu za ulimwengu unaotanuka, hakupendezwa pale Papa Pius wa Kumi na Mbili alipoelekea mwaka 1951 kuitumia nadharia hiyo kama uthibitisho wa uumbaji. Padri huyo alisali kila siku na kukokotoa kila siku, na hakutaka hesabu zake zibebe sala zake. Karne 15 kabla yake, Agustino wa Hippo, Mwafrika mwenzetu, aliwaonya Wakristo wasizungumze ovyo juu ya nyota na viumbe kwa kisingizio cha Maandiko, maana asiyeamini akiwasikia wamekosea katika anachokijua, hatawaamini katika asichokijua. Na mwanasayansi anayesema darasani kwamba mageuzi yamethibitisha hakuna Mungu naye nampinga kwa sababu ileile. Aseme ni kaa gani, ni tope gani, ni kromosomu gani aliyoipima ikampa jibu hilo.

Kwa walimu nina ombi moja la kazi. Mkifika kwenye mageuzi, anzeni na makombe ya Uvira. Yanaokotwa ufuoni bure. Mwambieni mwanafunzi alitazame gamba, atafute kovu la kucha, kisha mpeni hoja ya Moore na mwacheni ajaribu kuivunja kabla hamjamwambia ilivunjwaje. Akiuliza aandike nini kwenye mtihani wa Leta, yaani mtihani wa Serikali, aandike alichokipima na kilichopimwa na wengine, na aseme kilipimwa vipi. Akiuliza kama Mungu aliyataka haya yote, msimfukuze wala msimcheke. Mchungaji yupo, mara nyingi jengo la pili tu. Mwiteni aje darasani, na mwalimu abaki humo akimsikiliza.